Yaya, Sikuchukua Ile Mashine ya Gesi

Yaya Véro, dada yangu mkubwa,

Ule ubishi wetu umekwisha, na aliyeshinda ni mimi. Nakuambia hilo hata kabla ya salamu kwa sababu nakujua. Ungekuwa hapa ungenikatiza salamu na kuuliza habari za mawe yako. Mawe yako ni mazima. Yamekua, Yaya. Yamekua mpaka nimelazimika kushika koleo na kuyapunguza, kwa kuwa matawi yalikuwa yanataka kutoka nje ya maji.

Nimekaa kwenye ile meza ya karibu na tangi la samaki ambayo ulikuwa humpi mteja hata mgahawa ukijaa. Ni asubuhi. Wapishi hawajawasha makaa, na binti yako Nadège amekwenda sokoni. Misa yako ya mwaka ilisomwa Jumamosi. Wageni wamerudi kwao, viti vya kukodi vimechukuliwa, na nyumba imekuwa kimya kwa namna ambayo sikuizoea. Nimeona nikuandikie. Nikizungumza na wewe kwa mdomo watu wananitazama kwa huruma, na huruma yao imenichosha.

Sikuichukua ile mashine ya gesi. Najua ulivyoitaka. Ulikuwa unanionyesha picha zake kwenye simu, ule mtungi mrefu wa plastiki uliojaa vipande vya matumbawe yaliyokufa. Gesi inaingia, vipande vinayeyuka kidogo kidogo, na maji yanayotoka humo yanabeba kalsiamu, ili matumbawe yaliyo hai yapate kitu cha kujengea mifupa yake. Ulisema bila mashine hiyo sisi tunacheza tu. Nikakujibu kwamba sitaki chupa ya gesi chini ya meza ambapo watu wanakula bukari. Ukanitazama kwa jicho moja, kama ulivyokuwa unamtazama muuza samaki aliyekuletea thomson zilizolala.

“Dido, unaogopa gaz, na gaz njo kazi yako.”

“Njo juu ya ile mi naiogopa,” nikasema.

Ukacheka mpaka ukashika kiuno. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi; nimeona vali zikigoma na chupa zikivuja tangu ujana wangu. Lakini mbele yako nilikuwa mdogo wako tu, na siku hiyo neno langu halikuwa na uzito. Tukaacha ubishi pale pale, tukijua tutaurudia. Tulikuwa na ubishi mwingi wa namna hiyo, ulioachwa kama kazi ya kushona iliyowekwa juu ya kiti. Ule wa gesi ndio ulionikaa kichwani ulipotuacha.

Unakumbuka siku tangi lilipofika? Mgeni mmoja aliyefanya kazi kwenye mashimo ya mgodi wa Mashamba hapa Kolwezi alikuwa anarudi kwao, na hakuna aliyelitaka lile tangi lake. Ukalileta kwa pikapu, limefungwa katikati ya magodoro, wewe mwenyewe umekaa nyuma kulishikilia, kitambaa chako cha kichwa kimejaa vumbi jekundu. Mume wako, shemeji Donatien, alitoka nje, akakutazama, akauliza kama umeleta jeneza la kioo. Ulituita tushike pembe.

Kisha tukaenda Lubumbashi kwa Papa Sefu, yule mfanyabiashara ambaye watu wake ni wa Kasongo, anayeleta chumvi ya bahari na taa za matangi kwa malori ya Dar es Salaam. Alikupokea vizuri, akakuuzia chumvi, akakuchagulia samaki. Lakini ulipomwonyesha matumbawe akatikisa kichwa. Nakumbuka maneno yake yote: “Samaki sawa, mama. Mawe hapana. Kolwezi ni muji ya shaba, na shaba inauwa mawe.” Hakusema kwa dharau, alisema kweli tupu. Kiasi kidogo cha shaba majini, ambacho mtu anakunywa bila kujua, kinatosha kumaliza viumbe hao. Ulimsikiliza mpaka mwisho, ukamshukuru, halafu ukamwomba akuuzie chujio linaloondoa kila kitu ndani ya maji, na kipande cha tumbawe chenye urefu wa kidole kidogo.

Njiani kurudi ulikishika kile kipande kwenye mfuko wa maji mapajani, kama mtu aliyebeba mtoto wa siku. Jirani zetu wa upande wa Kasulo walikuwa wanachimba mawe ya madini chini ya vyumba vyao, na wewe unaingiza jiwe ndani ya chumba ukisema lina uhai. Wateja walicheka. Dereva mmoja alikuomba umkaangie yule samaki wa rangi ya machungwa, ukamwambia huyo ni wa familia, ukamletea dagaa wa kapenta.

Na lile jiwe likaishi. Likatoa tawi, likatoa jingine. Maji ya chokaa uliyajua kabla yangu: unakoroga chokaa safi ya duka la dawa kwenye maji yaliyochujwa, unaacha yatulie, unayadondosha polepole kuziba pengo la maji yaliyokwenda na hewa. Ulitumia mpira wa serum, ule wa hospitali, na kile kigurudumu chake cha kupunguza matone. Ukautundika kwenye msumari juu ya tangi. Hakuna umeme, hakuna mashine. Wakati wa kipwa, majira yasiyo na mvua, hewa ikiwa kavu na baridi inauma masikio, maji yalipungua kila siku, na matone yako yakatosha.

Halafu moyo wako ukaanza kukusumbua.

Sitaki kurudia siku zile. Moja tu nairudia, kwa sababu inanichekesha hata sasa. Walikutundikia serum hospitalini, na ukalala ukiitazama. Tukadhani unaomba. Ukamwita muuguzi, ukamwambia kwa ile sauti yako iliyobaki: “Mama, hii inatona mbio sana. Mawe yangu ingekuwa imekufa.” Muuguzi hakuelewa kitu. Mimi na Nadège tulitoka nje kwenye korido tukacheka, tukacheka, kisha Nadège akawa analia na sikuona ilipobadilika.

Baada ya mazishi nilikuja hapa kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Niliosha kioo, nikalisha samaki, nikakoroga chokaa kama ulivyokoroga. Sikuwa na mapenzi na lile tangi, Yaya, kusema ukweli nilikuwa na hasira nalo. Lilikuwa linapumua na wewe hupumui. Lakini mikono ilitaka kazi.

Kisha mvua zikaanza, na hapo mambo yakaharibika. Hewa ikawa nzito, maji hayakupungua tena kama zamani, na kwa kuwa maji ya chokaa yanaingia tu badala ya yale yaliyopotea, matone yakawa machache. Wakati huo huo tumbawe lako lilikuwa limekuwa kubwa, linakula kuliko lilivyokula likiwa kidole. Kuzidisha matone singeweza. Maji ya chokaa ni makali, yakiingia mengi yanaunguza kila kilichomo. Nadège, unajua anasomea ufamasia Lubumbashi, alikuja likizo akapima kwa zile chupa ndogo za matone yanayobadilika rangi. Akapima tena. Akanionyesha rangi. Kalsiamu ilikuwa imeshuka, na kile kinachokwenda nayo, ile nguvu ya maji inayozuia yasiwe machachu, ilikuwa imeshuka pia. Chini ya shina la tumbawe kulikuwa na weupe kama mfupa wa kuku uliochemshwa. Ngozi ilikuwa inaliacha jiwe.

Wiki hiyo hiyo shemeji Donatien akaniita. Alikuwa amegeuza kiti chake mezani ili alipe tangi mgongo, nilikuwa nimeliona hilo. Akaniambia kuna bosi mmoja wa malori anayelitaka kwa sebule yake. Akasema, “Dido, mi siwezi. Kila mara naingia, naona mukono yake ndani ya maji.” Nikamwelewa. Nilimwomba kitu kimoja tu, asubiri mpaka misa ya mwaka. Akakubali, lakini akasema kama mawe yatakufa kabla ya hapo, lile tangi litatoka siku hiyo hiyo, kwa sababu hataki kuona kitu kingine kikifa ndani ya nyumba yake.

Basi ikabidi nichague, na wewe hupo wa kubishana nami. Ilikuwa shida kubwa kuliko nilivyofikiri. Nilikuwa nakujibu kichwani, na kichwani mwangu ulikuwa unashinda kila mara.

Nikapanda basi kwenda Lubumbashi. Papa Sefu alikuwa amesikia habari zako. Alifunga mlango wa duka, akasoma Fatiha, akanishika mkono na kutouachia. Kisha akanionyesha mashine. Ilikuwa ile ile ya picha zako. Alikuwa nayo ikifanya kazi kwenye tangi lake kubwa nyuma ya duka, na alikuwa tayari kuniachia nyingine kama hiyo, pamoja na chupa yake na vipimo vyake. Yaya, ilikuwa nzuri. Viputo vinapanda kimoja kimoja, maji yanatoka kwa tone lililotulia, matumbawe yake yamenona. Niliitazama kama mtu anayetazama gari ya mwingine. Nilijisemea, Véro alikuwa na haki. Nilikwisha kutoa simu nimpigie Nadège nimwambie naileta.

Umeme ukakatika. Unajua ilivyo. Hakuna aliyeshtuka, watu barabarani hawakugeuza hata kichwa. Jenereta ya jirani ikanguruma, Papa Sefu akawasha ya kwake, taa zikarudi. Lakini pampu ya ile mashine haikurudi. Hewa ilikuwa imeingia ndani yake ikawa inazunguka bure, na gesi ikaendelea kuingia, kiputo juu ya kiputo, mpaka mtungi ukaanza kujaa hewa juu. Papa Sefu alikwenda mbio, akaupigapiga kwa kiganja, akafungua kifuniko kidogo, akafunga gesi, akafungua tena. Akarudi anafuta mikono kwenye suruali.

“Inafanyaka hivi mara moja moja,” akasema.

Nikamuuliza ingekuwaje kama hakuwepo. Hakunificha. Alikaa juu ya gunia la chumvi na kuniambia maji yanayotoka yangegeuka machachu, na tangi dogo kama letu lisingevumilia kama lake. Kisha akasema jambo lililonisaidia kuliko vipimo vyote: “Mi niko hapa muchana yote. We utakuwa juu ya mabati ya watu unatengeneza climatiseur. Nani atapigapiga?”

Nilirudi na sanduku dogo ambalo ungelidharau. Pampu mbili za kudondosha, kila moja kama ngumi, na mipira yake myembamba. Moja inavuta kutoka kopo la kalsiamu, nyingine kutoka kopo la soda ya magadi, inayorudisha ile nguvu ya maji. Zinasukuma kidogo, zinanyamaza. Moja inafanya kazi asubuhi, nyingine baada ya muda, kwa sababu dawa hizo mbili zikikutana kabla hazijachanganyika na maji zinaganda kuwa unga mweupe usiofaa kitu. Umeme ukikatika, kinachotokea ni kwamba hazidondoshi. Basi. Hakuna kinachozidi, hakuna kinachochacha. Na kwa kuwa zinakula umeme mdogo sana, nilizifunga kwenye betri ya gari na ile paneli ya jua uliyoiweka kwa ajili ya taa za baraza.

Nadège ndiye aliyechanganya dawa. Alivaa glavu, akafunga nywele, akanitoa jikoni kama mtu wa ofisi anavyomtoa mgeni. Alichana kipande cha pagne yako ya kijani, kile kitenge chenye ndege, akakifunga kwenye shingo ya kopo la kalsiamu ili mtu yeyote asiyabadilishe makopo kwa bahati mbaya. Nilitaka kumkataza kuchana nguo yako. Nikamwona uso, nikamshikia kopo.

Tulianza na kidogo. Nadège alipima, tukaongeza, akapima, tukaongeza. Alipokwenda chuoni nilipima mwenyewe na kumtumia picha ya rangi za maji, naye ananijibu katikati ya masomo: ongeza, acha, usiguse. Kwa muda mrefu hakukutokea kitu. Weupe ule chini ya shina haukurudi nyuma, lakini haukupanda. Nilikuwa naingia asubuhi nikiogopa kutazama, natazama kwanza samaki, halafu chujio, halafu mpira, mwisho kabisa tumbawe.

Halafu radi ikapiga transfoma ya mtaa wetu.

Moto ulitoka juu ya nguzo watu wakikimbia na mvua ikinyesha, kisha giza, na siku zikapita bila umeme kurudi. Nyama za friji zikagawiwa majirani. Wateja walikula kwa taa za betri, wengi hawakuja. Jenereta niliiwasha na kuizima ili mafuta yafike mbali. Ilikuwa kazi yangu ya msimu mzima, watu wote walikuwa wananiita kwa friji zao, na wakati wote nikiwa juu ya mabati ya watu nilikuwa najua, Yaya, najua kwa hakika, kwamba hapa kwako pampu mbili zinanong’ona na makopo yanashuka sawasawa. Betri ilizibeba pamoja na pampu ndogo ya kuzungusha maji. Jua lilipotokeza kati ya mvua, paneli ilirudisha kilichotumika. Ingekuwa ile mashine yako ningelala pembeni yake.

Umeme uliporudi nikaja kusafisha kioo. Nikainama kutazama shina, kwa mazoea ya hofu, na sikuona weupe. Nikadhani natazama upande mwingine. Nikazunguka. Ngozi ya zambarau ilikuwa imeshuka juu ya ule mfupa na kuufunika, na ukingo wake ulikuwa mwembamba na mpya, unatambaa juu ya jiwe la chini. Kisha nikainua macho kwenye matawi. Kila ncha ilikuwa na rangi ya maziwa, kama kucha za mtoto. Hiyo ni rangi ya kukua. Ulinifundisha wewe.

Nilikaa sakafuni. Mpishi wako Mama Charlotte alitoka jikoni akaniuliza kama nimeanguka. Nikamwambia hapana, mama, nimesimama. Alidhani nimekunywa.

Baada ya hapo lilikuwa kama mahindi yaliyopata mbolea. Lilitoa matawi pembeni, likapanda juu, likagusa usawa wa maji. Vile vipande vingine ulivyoweka nyuma, ambavyo tulidhani vimekata tamaa, navyo vikafunguka. Mwanzo wa kipwa nilikata matawi matatu, nikayapandisha kwenye mawe madogo, na moja nikalipeleka Lubumbashi ndani ya ndoo yenye kifuniko. Nililiweka juu ya meza ya Papa Sefu. Alivaa miwani. Akaligeuzageuza ndani ya maji kwa kidole.

“Hii inatoka wapi?”

“Kolwezi,” nikasema. “Muji ya shaba.”

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuona haya kabisa, alifurahi. Alimwita mke wake kutoka ndani aje aone. Kisha akaniuliza pampu zangu nimezipanga vipi, nami nikamweleza, nikimwonyesha kwa mikono kama ulivyokuwa unaeleza wewe. Sasa tawi lako liko kwenye tangi lake la mbele, pale watu wanapoingilia. Akiulizwa anasema ni la mama mmoja wa Kolwezi. Hasemi marehemu. Nilimsikia mwenyewe.

Shemeji Donatien nilimwachia mwenyewe. Sikumshawishi. Lakini siku moja, katikati ya kipwa, nilipita mchana bila kutegemewa na nikamkuta amekunja mikono ya shati lake la kazini, anapima kalsiamu kwa kijiko cha Nadège na kuimimina kwenye maji yaliyochujwa, polepole, ulimi umetoka kidogo kwenye kona ya mdomo. Aliponiona akawa kama mtu aliyekamatwa.

“Kopo ya Véro ilikuwa karibu kwisha,” akasema.

Nikamwambia sawa. Nikavuta kiti, nikakaa. Kiti chake kilikuwa kimegeuzwa, kinatazama tangi. Tukala bukari na sombe tukitazama samaki.

Na Jumamosi, Yaya. Misa ilikwisha, tukatoka kanisani kuja hapa, watu wa kwetu kutoka kaskazini, majirani, wateja wako, wale mama wa soko wenye pagne moja ya kilio ambayo siku hiyo waliivua kumaliza matanga. Yule bosi wa malori akaja pia, kwa heshima, na baada ya chakula akamsogelea Donatien akitaja habari ya tangi. Nilikuwa nimesimama karibu na friji ya vinywaji. Nilisikia kila neno. Donatien alimsikiliza akimjazia glasi, akamshukuru kwa kuja, kisha akasema, bila kupandisha sauti, “Ile haiuzishwe. Ni ya bibi yangu.”

Yule bwana akaangalia tangi, akamwangalia, akasema ameelewa. Walikunywa pamoja. Mimi nilifungua friji na kuweka kichwa ndani kama natafuta chupa ya baridi, nikakaa humo muda kidogo. Mtu wa friji hapaswi kulia mbele ya watu lakini ndani ya friji ni ofisini kwake.

Jioni, wageni walipopungua, watoto wako walikaa chini mbele ya kioo na wajomba zao. Mzee mmoja wa kwetu aliuliza haya mawe yanaishi wapi kwao. Nadège akamweleza habari ya bahari. Kisha akageuka akamuuliza baba yake, “Mama alienda ku bahari wakati gani?” Wote tukamtazama Donatien. Kila mmoja alidhani mwingine anajua. Nilidhani ulikwenda kabla ya kuolewa, ulivyokuwa unaisema kwa uhakika, mkondo wake, chumvi yake. Donatien akasema, “Hakuiona.”

Hakuiona. Miaka hiyo yote ulikuwa unaitengeneza hapa chumbani kwa ndoo na chujio, na hukuiona hata mara moja. Nilikuwa mdogo wako maisha yangu yote na sikuwa nalijua hilo.

Sasa sikiliza, hili siyo la kubishania. Tumekubaliana mimi, shemeji na watoto. Kabla ya kipwa kijacho kwisha tutapita Dilolo, tutavuka mpaka, tutafuata ile reli ya Benguela mpaka inapoishia, Lobito, kwenye maji. Nadège ameanza kuuliza habari za makaratasi. Mama Charlotte atabaki na tangi. Nimemwonyesha makopo, na ameniambia nisimfundishe mara mbili kama mtoto wa shule. Nitavua viatu. Nitaingia mpaka magotini na suruali yangu ya kazi, watu wa huko waseme watakalosema, na nitasimama pale mpaka nijue inavyokuwa, ili nirudi kukuambia kaburini jinsi maji yanavyovuta miguu na kama chumvi yake ni kama yako.

Nakuahidi hivyo, Yaya. Pumzika. Nadège amerudi, nasikia anagombana na mtu wa samaki hapo nje kwa sauti yako kabisa.

Mdogo wako,
Dido